Motakaa Kuukuu na Mkono wa Fundi

Historia ya motakaa katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na watu waliokaa ndani yake kuliko wale waliolala chini yake. Tunayo majina ya magavana waliopita barabara fulani, ya matajiri walionunua magari ya kwanza, na ya madereva waliotwaa vikombe. Lakini yule aliyefungua injini, akaiosha kwa mafuta ya taa, akairudisha mahali pake ikanguruma tena, huyo hatajwi; na akitajwa huitwa fundi tu, kana kwamba hakupewa jina siku alipozaliwa. Insha hii yataka kumtazama yeye, na kumtazama katika kazi iliyo ngumu kuliko nyingine zake: kulitunza gari la mbio lililokwisha kuzeeka, ambalo kiwanda kimekwisha kulisahau na mwenyewe hana budi kulitengeneza kwa mkono wake.

Nitaanza mahali ambapo msomaji pengine hatazamii kusikia habari za magari ya mbio. Ilembo ni kata ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Nchi hiyo kwa asili ni ya miombo, nyumbani kwa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, na kwa muda mrefu mtawala wa njia zake alikuwa mbung'o. Palipo na mbung'o ng'ombe wa kukokota hawaishi wala farasi hawadumu; kwa hiyo mzigo ulikwenda kwa kichwa cha mtu mpaka injini ilipofika. Ulaya ilikuwa na mkokoteni wa farasi kwanza, na makanika wake wengi wa mwanzo walitoka katika ufundi wa mikokoteni. Huku hapakuwa na daraja hilo la kati. Baina ya mpagazi na lori palikuwa na hatua moja tu, tena ndefu, na walioipiga hawakupewa muda wa kujifunza polepole.

Injini zenyewe ziliitwa na ardhi. Madini ya risasi yalipoonekana Mpanda, tawi la reli lililazwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita 210 hivi, nalo likafika mwaka 1950. Mgodi ukachimba hata 1960 ulipofungwa. Lugha yetu hutumia neno moja, risasi, kwa madini hayo na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na mtu aweza kudhani kuwa kazi ya Mpanda ilikuwa ya vita tu. Sivyo. Betri ya motakaa ni sahani za risasi zilizotumbukizwa katika maji ya asidi. Pasipo risasi gari la zama zile halikuwa na cheche ya kuliamsha. Mtu wa Ilembo aliyekuwa akisukuma lori lililokufa betri alikuwa amesimama karibu na shimo ambalo betri hutoka, na sidhani kama yuko aliyewahi kumweleza hivyo.

Upande wa kaskazini, katika Reli ya Kati hiyohiyo ambayo tawi la Mpanda huchepukia, ulikuwapo Urambo, mmojawapo wa vituo vya ule mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Vitabu vya historia huucheka mradi huo, na vina haki: vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, visiki vikavivunja, na karanga zilizovunwa hazikulingana hata kidogo na fedha iliyotumika. Lakini wachekao huhesabu karanga peke yake. Matrekta yale yaliyonunuliwa yakiwa mitumba ya vita yalivunjika kila siku, na kila yalipovunjika palitakiwa mtu wa kushika spana. Huko Kongwa, Urambo na Nachingwea vijana waliojifunza kufungua giaboksi walikuwa wanafunzi wa kushindwa kwa mradi. Kama mashine zingalikuwa mpya na imara, wasingalijifunza kitu. Mradi ukifa na mgodi ukifungwa, mashine huuzwa na mabehewa huondoka, ila ujuzi haupakizwi katika behewa.

Ushahidi mwingine umo katika maneno ya gereji, na wanafunzi wa lugha wangefaidika wakienda kuyaokota huko mapema. Dereva hushika usukani, neno la Kiarabu lililokuwa la chombo cha bahari karne nyingi kabla ya kuwa la barabarani. Fundi hukaza parafujo na kuangalia bomba, nayo ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Gari latoka Bara Hindi, na karakana ni ya Kiajemi. Nyundo ni yetu wenyewe, wala hakuna aliyetuletea. Ndipo Mwingereza alipoingia na plagi, breki, giya, jeki na rejeta. Mtu akisema, "Nipe nyundo nigonge parafujo ya bomba la rejeta," amezitaja dola mbili kwa pumzi moja bila kujua. Nami naona jambo hili lina maana kubwa kuliko mzaha: motakaa haikukuta watu mikono mitupu. Pwani ilikwisha kuwa na mafundi waliojua kutia kalafati katika nyufa za mbao na kupaka deheni chini ya jahazi kila mwaka ili lisiliwe na wadudu. Na nyanda za Ufipa, kusini ya Mpanda, zilikuwa na wahunzi walioyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, ndefu kumpita mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila kuvukutwa. Utunzaji wa chombo kilichozeeka ulikuwa elimu ya zamani. Kilichokuwa kipya ni chombo.

Sasa niyaendee magari ya mbio yenyewe. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, palianzishwa mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa motakaa, na toka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, na yalitakiwa yawe kama yale anayouziwa mtu yeyote. Yalikimbizwa majira ya Pasaka, wakati masika imeshika na barabara za udongo zimekuwa uji. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 vilevile. Hesabu hizi husimuliwa kama sifa za madereva saba. Mimi huzisoma kwa upande wa pili: magari 77 ya kwanza na 86 ya pili yalikufa njiani, na mengi hayakufa kwa kukosa mbio, bali kwa springi iliyokatika, rejeta iliyotoboka, au maji yaliyoingia mahali pasipotakiwa maji.

Kisa kinachohusu shauri letu hasa ni cha mwaka 1965. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, na huko ndiko mwana alikojifunzia kazi. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari kuwaokoa watu walioharibikiwa barabarani. Basi kabla hajawa dereva wa kusifiwa, alikuwa mtu wa kuinama chini ya bonneti za wengine. Yeye na nduguye Jaswant walinunua Volvo PV544 ambalo lilikwisha kushindanishwa na timu ya kiwanda katika Safari ya 1964 na kuachwa Kenya. Umbo la gari hilo lilikuwa limezeeka hata kabla ya kununuliwa: lilitokana na PV444 iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1944, na huo mwaka 1965 ndio kiwanda kilipoacha kabisa kulitengeneza. Mgongo wake wa mviringo ulikuwa mtindo wa enzi ya vita. Ndugu wawili walilitayarisha wenyewe, wakaondoka nambari 1, wakashinda. Timu za viwanda zilikuwapo, na makanika waliosafirishwa toka Ulaya na vipuri vilivyofungwa katika masanduku mapya. Zikashindwa na gari lililokwisha kutumiwa, lililofunguliwa na kufungwa na mikono ya wenye nalo.

Watu walisema kuwa ni bahati ya nambari 1, kwa kuwa anayetangulia hali vumbi la mwingine. Vumbi ni jambo kubwa kweli, nami nitalirudia. Lakini anayetangulia ndiye pia anayeuvunja utelezi na kuupima mto ambao hajauvuka mtu. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa maoni yangu, ni kwamba Joginder alijua kila kilichomo ndani ya gari lake na kwa nini kimo. Dereva asiyejua husikia kelele. Ajuaye husikia neno. Sauti moja humwambia kwamba valvu imelegea, nyingine kwamba fani ya gurudumu inakauka, na kwa kila moja hujua kama yaweza kungoja mpaka kituo au lazima asimame sasa hivi.

Acha nieleze kazi moja tu ya utunzaji wa gari la namna hiyo, maana bila kuieleza maneno yote haya ni hewa. PV544 la mbio la miaka hiyo lilikuwa na injini ya lita 1.8 na karabureta mbili aina ya SU. Karabureta mbili ni wake wawili: zikipatana nyumba hustawi, zikigombana hapana usingizi. Kila moja hulisha silinda mbili, na ikivuta hewa kuliko mwenzake injini hutetemeka na nguvu hupotea. Fundi asiye na chombo cha kupimia huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja huitia sikioni na nyingine huielekeza kinywani mwa karabureta ya kwanza, akasikiliza mvumo wake. Kisha huihamishia ya pili. Huzungusha parafujo kidogo kidogo mpaka mivumo miwili iwe sauti moja. Halafu huinua pistoni ya karabureta kwa upana wa ukucha tu. Injini ikiharakisha na kuendelea kuharakisha, mafuta yamezidi. Ikizimika, mafuta yamepungua. Ikiharakisha kidogo kisha ikatulia, mchanganyiko ni sawa. Mwisho hufungua plagi azisome rangi: nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni hewa nyingi, na kahawia ndiyo inayotakiwa.

Kazi hiyo haiishi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari mita zaidi ya 1,600, na hewa yake ni nyepesi. Gari lililopatanishwa huko likishuka Dar es Salaam hukuta hewa nzito, mchanganyiko ukawa mkavu, na injini ikapata joto kupita kiasi. Mpanda, iliyo juu mita elfu moja na ziada, ina kipimo chake tena. Kitabu cha kiwanda kilichoandikwa Sweden hakikuyajua haya yote, nacho hakilaumiwi. Ndipo vumbi linapoingia. Vumbi la barabara za miombo ni jembamba kama unga wa mhogo. Likipita kichujio na kukutana na oili huwa tupa laini isiyochoka, ikisaga kuta za silinda usiku na mchana. Mwenye gari kuukuu katika nchi ya namna hiyo hasubiri maili zilizoandikwa kitabuni. Huosha kichujio kila anaporudi safari, hubadili oili mapema, huzifuata nipo za grisi moja moja kama mtu anayehesabu tasbihi, na akisahau moja ndiyo itakayomkumbusha porini.

Volvo haikuwa gari la Mpanda. Lililofika kila pembe lilikuwa Land Rover, lililoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kufunikwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Na pamoja nalo Peugeot 404. Hili la pili lina haki ya kuingia katika habari za magari ya mbio, kwa kuwa ndilo alilolitumia Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kushinda Safari ya 1966 na ya 1967 mfululizo, na ndilo lililoshinda 1963 na 1968, ile miaka ya magari saba. Kenya iliendelea kuliunganisha gari hilo hata 1991, wakati Ufaransa ilikwisha kuliacha zamani. Kwa hiyo fundi aliyetengeneza 404 ya abiria katika mji mdogo alikuwa akishika viungo vilevile vya gari la bingwa. Tofauti ilikuwa katika mizigo na idadi ya watu waliobanana ndani, na hapo nadhani la abiria ndilo lililoonewa.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikula hazina ya Tanzania, na fedha za kigeni zikawa chache mno. Vipuri havikuagizwa. Hapo kila motakaa nchini iligeuka kuwa motakaa kuukuu, na kila mwenye nayo akawa mwanafunzi wa utunzaji, apende asipende. Bushi zilichongwa kutoka matairi yaliyokwisha. Gasketi zilikatwa kwa mkasi katika makaratasi magumu yaliyopakwa grisi. Gari moja lilikufa ili matatu yaishi. Gerezani ya Dar es Salaam ikawa chuo kisicho na mkuu wala cheti. Serikali nayo iliweka juhudi zake: SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na huko Kibaha jeshi likasimamisha karakana ya Nyumbu, iliyodiriki kuunda lori.

Hapa sina budi kuwapinga wanaoipamba miaka hiyo. Si kila werevu wa dhiki ulikuwa werevu. Palikuwa na madereva waliotia maji ya sabuni mahali pa oili ya breki. Jambo hilo hufanya kazi katika tambarare. Lakini katika mteremko breki hupata joto, maji huchemka, hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea ambapo kimiminiko hakibonyei. Dereva hukanyaga, pedali hushuka hadi sakafuni, na gari haliulizi tena. Fundi aliyekubali kufanya hivyo alikuwa na ujuzi wa kulifanya gari liondoke, akakosa ule wa kulisimamisha. Na kwa kuwa hakuna aliyeandika majina ya mafundi, hakuna pia aliyeandika makosa yao wala waliokufa kwayo. Kusahauliwa kwa fundi kumewadhuru hata abiria, maana mtu asiyejulikana hawezi kusifiwa kwa kazi njema wala kudaiwa kwa mbaya.

Wako wengine wanaosema kinyume chake, kwamba kutengeneza kilichozeeka ni alama ya umaskini tu, na kwamba nchi ikitajirika itaacha. Hao nawaomba watazame watu wanaofanya hivyo kwa hiari. Toka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari kwa magari ya kale, na washindani wengi ni watu wawezao kununua gari jipya kila mwaka. Wanatumia fedha nyingi kulihuisha gari la miaka ya 1960 na 1970 ili lipite tena katika tope la zamani. Kule Kuba, baada ya biashara na Marekani kukatika mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliyatunza magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 kwa shida, na leo watalii hulipa kupanda humo. Kazi ni ileile. Ikifanywa na tajiri huitwa mapenzi, ikifanywa na fukara huitwa ubabaishaji.

Jambo moja bado huwapa wanafunzi mabishano mazuri. Gari lililobadilishwa injini, kisha milango, kisha ekseli, kisha sakafu kwa mabati ya mapipa, je, ni gari lilelile? Wagiriki wa kale waliuliza hivyo juu ya meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao zake zote. Nahodha wa Lamu asingehitaji Mgiriki. Jahazi lake limebadilishwa mataruma na mbao mara nyingi, na bado aliita jina alilopewa na baba yake. Ofisi ya leseni hujibu kwa nambari iliyogongwa katika fremu. Fundi hujibu kwa namna nyingine: gari ni lilelile maadamu yuko mtu anayekumbuka yaliyolipata. Akifa huyo, linabaki chuma chenye nambari. Jibu lake ndilo nilipendalo, ingawa halina nguvu mahakamani.

Magari ya siku hizi yameufunga mlango ambao fundi aliingilia. Karabureta imeondoka, na mahali pake pana kompyuta inayopima hewa na mafuta mara nyingi kwa sekunde moja. Sikio na mpira wa maji havina la kusema nayo. Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Magari yake yana mitambo ambayo akina Singh wasingeitambua. Hata hivyo kanuni moja imebaki: gari likiharibika njiani kabla ya kufika kituo cha matengenezo, hawaruhusiwi kuligusa ila wale wawili waliomo ndani, kwa zana walizobeba wenyewe.

Huko Katavi na Ufipa, tanuri za kuyeyushia chuma zilikwisha kuzimwa kabla ya nusu ya karne ya ishirini, chuma cha kununua kilipokuwa rahisi kuliko cha kuchimba. Wahunzi lakini hawakuacha nyundo. Walitafuta chuma kingine kilicho kigumu na chenye kupindika bila kuvunjika, wakakiona katika springi za motakaa zilizokufa. Jani moja la springi ya Land Rover hukatwa kwa tindo, hutiwa motoni mpaka liive, hupondwa, huzamishwa katika maji, na hutoka panga. Na tairi za gari hilohilo hushonwa katambuga za kumfikisha mwenye panga shambani.